Nyutrofili Chache, Damu Nzima

Karatasi ya majibu ya picha kamili ya damu imejaa tarakimu, na wengi wetu huisoma kwa namna moja: jicho linatafuta palipoandikwa L au H. L ni chini, H ni juu. Kwa mtu wa Afrika Mashariki aliye mzima kabisa, mahali pamoja ambapo L hujitokeza mara kwa mara ni kwenye mstari wa nyutrofili. Kiwango kilichochapishwa pembeni kinasema 2.0 hadi 7.0, yeye ana 1.4. Hana homa wala kidonda. Alikwenda kupima kwa ajili ya ajira, au kabla ya upasuaji mdogo. Anaambiwa kinga yake imeshuka. Nyumbani watu wanaanza kunong'ona, mara UKIMWI, mara saratani ya damu. Anapewa vidonge vya vitamini, anarudi baada ya mwezi, na mashine inatoa 1.3.

Mara nyingi chanzo chake ni jeni moja iitwayo ACKR1. Naamini kila mtu wa ukanda huu anastahili kuifahamu kwa jina, kwa sababu walio wengi kati yetu tumerithi umbo lake ambalo huko Ulaya ni nadra mno, na kwa sababu viwango vingi tunavyopimiwa afya viliwekwa kwa damu za watu wasio na umbo hilo.

Nyutrofili ndizo seli nyeupe zinazotangulia pale bakteria wanapoingia mwilini. Usaha unaouona kwenye jipu kwa sehemu kubwa ni nyutrofili zilizokufa kazini. Uboho wa mtu mzima huzitengeneza kwa wingi usio wa kawaida, takriban bilioni 100 kila siku, nazo hukaa kwenye damu kwa muda mfupi tu kabla ya kuingia kwenye tishu. Damu kwazo ni njia ya kupitia. Kazi yenyewe iko nje ya mishipa, kwenye mapafu, kwenye ngozi, kwenye utumbo. Jambo hili ni la kushika tangu mapema: sindano ya maabara huhesabu nyutrofili zilizokuwa zikipita kwenye mshipa dakika ile, na nyingine nyingi hata wakati huo zimejibanza kwenye kuta za mishipa, au ziko kwenye uboho, au wengu, ambako sindano haifiki.

Sasa, nyutrofili iliyo ndani ya damu inajuaje kwamba kidole cha mguu kimechomwa na mwiba? Seli zilizoumia hutoa protini ndogondogo zinazoitwa kemokini. Zinakuwa nyingi karibu na jeraha na hupungua kadiri unavyokwenda mbali, na nyutrofili huelekea zilikozidi, kama mtu anayeifuata harufu ya nyama choma mpaka anakuta jiko lilipo. Juu ya ngozi ya nyutrofili kuna vipokezi vinavyonasa kemokini na kupeleka habari ndani, na seli nzima inajikunja, inajivuta, inapenya ukuta wa mshipa na kutoka.

ACKR1 ni kipokezi cha ukoo huohuo, chenye umbo lilelile la kupita mara saba kwenye utando wa seli, lakini kimekosa kile kipande kinachopeleka habari ndani. Kinanasa kemokini, basi. Hakiamrishi seli kufanya lolote. Kwa miaka mingi hilo liliwachanganya wataalamu: kipokezi kisichotoa amri kina faida gani? Faida yake imeonekana kuwa kubwa, nayo inategemea mahali kilipo. Kwenye ukuta wa ndani wa vena ndogo kabisa, kinachukua kemokini kutoka upande wa tishu na kuzivusha hadi upande wa damu, mahali ambapo nyutrofili inayopita inaweza kuzigusa. Kwenye chembe nyekundu za damu, kinazishika kemokini zilizomwagika kwenye damu ili zisizagae. Na chembe nyekundu si haba: katika tone dogo la maikrolita moja kuna chembe nyekundu karibu milioni 5, ilhali seli nyeupe zote kwa pamoja ni elfu chache. Kwa hiyo protini moja, kwa kuamua tu kemokini zikae wapi, inaongoza safari za seli ambazo yenyewe haimo ndani yake.

Hakuna aliyeitafuta protini hii kwa ajili ya kazi hiyo. Ilipatikana London mwaka 1950, kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Bwana Duffy alikuwa na ugonjwa wa damu kutoganda na alikuwa ameongezewa damu mara kadhaa maishani mwake. Safari moja baada ya kuongezewa akapata manjano. Marie Cutbush, Patrick Mollison na Dorothy Parkin wakagundua kwenye damu yake kingamwili ambayo haikuwa imeelezwa na mtu, iliyokuwa ikishambulia kitu fulani juu ya chembe nyekundu za wafadhili. Kitu hicho kikaitwa antijeni ya Duffy, na likawa kundi jingine la damu pamoja na yale ya ABO na Rhesus tunayoyajua. Lina sura mbili, a na b.

Mwaka 1955, Ruth Sanger na wenzake walipopima damu za watu weusi wa New York, waliwakuta wengi wao hawana a wala b. Chembe zao nyekundu zilikuwa tupu, hazina Duffy ya aina yoyote. Miaka 13 baadaye Roger Donahue, aliyekuwa mwanafunzi huko Baltimore, aliona kwenye hadubini kwamba kromosomu namba 1 yake mwenyewe ina sehemu iliyolegea isivyo kawaida. Akawapima ndugu zake, akaona sehemu ile inarithiwa sambamba na kundi la Duffy. Hiyo ndiyo ikawa jeni ya kwanza ya binadamu kupangiwa kromosomu yake, ukiacha zile za kromosomu za jinsia.

Halafu ikaja malaria. Louis Miller na wenzake nchini Marekani waliandika mwaka 1975 kwamba Plasmodium knowlesi, kimelea cha nyani wa Asia, hakiwezi kuingia kwenye chembe nyekundu zisizo na Duffy. Mwaka uliofuata wakaigeukia Plasmodium vivax. Watu 17 walijitolea kuumwa na mbu wenye kimelea hicho. Weusi 11, weupe 6. Watano tu kati yao hawakupata maambukizi kwenye damu, na wote watano walikuwa wale wasio na Duffy. Vivax hutumia protini hii kama mahali pa kujishikiza ili kuingia kwenye chembe. Ikikosekana, kimelea kinabaki nje na kufa.

Hii ndiyo sababu kubwa vivax, inayosumbua mamilioni ya watu India, Amerika ya Kusini na Ethiopia, haitawali Tanzania, Uganda, Rwanda wala Kongo. Sisi malaria yetu ni ya falciparum, inayoua zaidi, ambayo hushika protini nyingine kabisa na haijali kama Duffy ipo au haipo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu limewahi kueleweka vibaya: kukosa Duffy hakumkingi mtoto wa Kigoma au Kisumu na malaria inayompata. Chandarua ni kilekile, dawa ni ileile. Na hata kwa vivax kinga si kamili. Tangu miaka ya 2000, watafiti wamekuta maambukizi ya vivax kwa watu wasio na Duffy magharibi mwa Kenya, kisha Madagascar, na kwingineko barani.

Mwaka 1993 ndipo kazi halisi ya protini hii ilipofahamika, pale ilipogundulika kwamba antijeni ya Duffy ndiyo hiyohiyo inayonasa kemokini. Miaka miwili baadaye Christophe Tournamille na wenzake jijini Paris wakaonyesha kwa nini baadhi ya watu hawana, na maelezo yao mimi huyaona kuwa mazuri kuliko yote katika habari hii. Jeni yenyewe haijaharibika. Sehemu inayoandika protini ni nzima. Kilichobadilika ni herufi moja ya DNA, T ikawa C, kwenye kipande kilicho mbele ya jeni, mahali ambapo protini iitwayo GATA1 hujishikiza ili kuiwasha jeni ndani ya seli zinazozaa chembe nyekundu. GATA1 ikishindwa kushika, jeni haiwaki humo. Kwingineko, kama kwenye ukuta wa mishipa, inawashwa kwa njia nyingine na inafanya kazi kama kawaida. Yaani mtu asiye na Duffy anayo Duffy. Ni kwenye chembe nyekundu tu ambako haiko.

Ili hali hiyo itokee, lazima urithi herufi C kwa baba na kwa mama. Afrika ya Magharibi na ya Kati, karibu kila mtu amerithi hivyo. Afrika Mashariki ni walio wengi, ingawa idadi inapungua ukielekea Ethiopia na Pembe ya Afrika. Kwenye Rasi ya Uarabuni nako wapo kwa kiasi kikubwa, Yemen, Saudia na jirani zake, hivyo msomaji wa Muscat mwenye nyutrofili chache naye habari hii inamhusu. Mabadiliko haya ni ya zamani sana, ya makumi ya maelfu ya miaka, na yalienea kwa kasi ambayo mara nyingi huashiria kwamba waliokuwa nayo waliponea kitu kilichowaua wengine. Kinachoshukiwa zaidi ni vivax au kimelea kilichofanana nayo. Sokwe na gorila wa misitu ya Afrika ya Kati hadi leo wana vimelea vya jamii hiyo, dalili kwamba vivax ilianzia bara hili kabla ya kukosa pa kuingilia ndani ya watu wake.

Turudi kwenye ile karatasi. Kwamba Waafrika wazima huwa na nyutrofili chache kuliko Wazungu ni jambo lililoonwa zamani. Mwaka 1971 Gerald Shaper, aliyekuwa amefundisha miaka mingi Makerere, aliandika na mwenzake kwamba hali hiyo ni ya kurithi. Mwaka uliofuata, kwenye jarida hilohilo la Lancet, makala nyingine kutoka Afrika ikapinga, ikisema si ya kurithi. Mabishano yalidumu: ni lishe, ni minyoo, ni malaria zisizoisha, ni umaskini? Mtu aliyeambiwa kinga yake imeshuka kwa sababu hali vizuri alikuwa anarithi mabishano hayo bila kujua.

Jibu lilikuja mwaka 2008 na 2009, pale watafiti walipolinganisha DNA za maelfu ya Wamarekani weusi na hesabu ya seli zao nyeupe. Katika DNA yote, mahali pamoja palijitokeza kwa nguvu kuliko kwingine kote, kromosomu ya 1, na David Reich na wenzake wakaishia kwenye herufi ileile iliyoonekana Paris. Mwenye C mbili alikuwa na nyutrofili chache kwenye damu. Lishe, minyoo na umaskini havikuwa kiini cha tofauti ile.

Lakini kwa nini chembe nyekundu zikikosa protini, seli nyeupe zipungue kwenye damu? Mwaka 2017 kundi la watafiti lililokuwa na Antal Rot lilichapisha jibu ambalo kwa sasa ndilo lenye uzito zaidi. Ndani ya uboho, chembe nyekundu changa, ambazo bado zina kiini, hukaa karibu sana na seli shina zinazozaa seli nyingine zote za damu. Zikiwa na ACKR1 zinazilea seli shina kwa namna moja. Zikiikosa, zinazilea kwa namna nyingine, na nyutrofili zinazozaliwa hutoka zikiwa na tabia tofauti. Zina silaha zaidi juu ya ngozi yao, na huhama kwenye damu mapema kuingia kwenye tishu. Uboho haujachoka. Ukiuchunguza ule wa mtu wa namna hii, unakuta uzalishaji wake ni wa kawaida. Nyutrofili zipo, ila zimeshaondoka barabarani kabla sindano haijafika. Na watu hawa, wakifuatiliwa, hawaugui maambukizi zaidi ya wengine kwa sababu ya idadi hiyo.

Sasa fikiria gharama ya kutolijua hili.

Mama ana saratani ya titi na anapewa tibakemikali kila baada ya wiki tatu. Dawa hizi hushusha nyutrofili za kila mtu, kwa hiyo kabla ya kila mzunguko damu hupimwa, na sehemu nyingi hutaka nyutrofili ziwe angalau 1.5 ndipo dawa itolewe. Mama huyu, kabla hajaugua chochote, wastani wake ulikuwa 1.5 au 1.6. Hana pa kushukia. Anaambiwa arudi wiki ijayo, anarudi, 1.4, dozi inapunguzwa. Uvimbe unapewa muda. Katika ugonjwa ambao kuchelewa na kupunguza dawa kunaweza kumpunguzia mtu miaka, hii si hitilafu ya makaratasi. Inaniuma kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua juu ya jeni hii.

Au chukua klozapini, dawa ya skizofrenia inayosaidia pale nyingine zinaposhindwa. Mwaka 1975 huko Finland wagonjwa wanane walikufa baada ya dawa hiyo kufuta nyutrofili zao, na tangu hapo matumizi yake yamefungwa na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Tahadhari hiyo ilikuwa ya haki. Lakini kiwango cha kuanzia, 2.0, kiliwazuia watu wengi wenye asili ya Afrika kuipata kabisa. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu wenye hali hii waanze wakiwa na 1.0. Wengine wamechomwa sindano ya uboho, ambayo inauma, kutafuta ugonjwa ambao haukuwepo. Wengine wamekataliwa kwenye majaribio ya dawa mpya, na dawa hizo baadaye zikaletwa kwetu zikiwa zimejaribiwa kwa watu wengine.

Takwimu zetu wenyewe tunazo. Watafiti walipima watu wazima wenye afya huko Kericho na Mbeya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Mwaka 2009 yakaja ya utafiti mkubwa zaidi, wa watu wazima zaidi ya 2,000 kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, na kiwango cha nyutrofili kilichopatikana kwa watu wazima wenye afya kilikuwa 1.0 hadi 5.3. Linganisha na ile 2.0 hadi 7.0 ya pembeni ya karatasi. Mtu mwenye 1.4 yuko ndani ya safu ya majirani zake. Huko Boston pia, mwaka 2023, walipopima watu weusi wenye afya kwa kutenganisha wasio na Duffy, kiwango cha hao kilianzia 1.21.

Huko Marekani na Uingereza mjadala wa sasa ni kumpima kila mgonjwa kundi la Duffy badala ya kukisia kwa rangi ya ngozi, na wako sahihi, kwani takriban theluthi moja ya Wamarekani weusi wana Duffy kwenye chembe zao, na Waarabu wengi hawana. Kwetu hali ni tofauti. Mahali ambapo walio wengi wamerithi C mbili, kusubiri kumpima kila mmoja ni kupoteza fedha na muda. Kinachotakiwa kwanza ni kubadilisha viwango vinavyochapishwa na mashine, viwe vya watu wanaoishi hapa. Mashine inaruhusu, ni kazi ya mkuu wa maabara na mwongozo wa wizara. Kipimo cha Duffy chenyewe, ambacho benki ya damu yenye vitendanishi vyake inaweza kukifanya kwa tone la damu, kihifadhiwe kwa mgonjwa ambaye jibu litabadilisha matibabu yake: anayeanza tibakemikali, anayeanza klozapini, anayetaka kuingizwa kwenye majaribio ya dawa.

Na wewe uliye na karatasi yenye L mkononi? Tafuta majibu yako ya zamani. Idadi inayokaa 1.2 au 1.5 mwaka hadi mwaka, kwa mtu asiyeugua mara kwa mara, na chembe nyekundu na chembe sahani zikiwa sawa, ina maana tofauti kabisa na idadi iliyokuwa 4.0 mwaka jana na leo ni 1.2. Ya pili inahitaji daktari atafute sababu: dawa unayotumia, virusi, ugonjwa wa uboho. Vivyo hivyo kwa mtu mwenye vidonda vya mdomo visivyopona, majipu yanayorudi au uzito unaopungua. Kwake yeye Duffy isiwe kisingizio cha kuacha kuchunguza. Muulize daktari kwa uwazi kama idadi yako inaweza kuwa ya kuzaliwa nayo, na uyaweke majibu hayo pamoja na kadi yako ya kliniki, ili siku ukihitaji matibabu mazito wajue ulikoanzia. Walio kwenye tibakemikali wao wana kanuni yao: nyutrofili zikishuka chini ya 0.5 na homa ikapanda, hapo kundi la damu halina nafasi, ni kwenda hospitali usiku huohuo.